MASHINE ZIMEKUJA: UFUNGUO ANAO NANI?



Katika mikutano ya matawi yetu hapa Gisenyi liko jambo moja linalorudi kila mara, hata siku ambayo halimo katika ajenda. Tunaanza na mishahara, tunapita kwenye likizo na vibarua, halafu mtu anainua mkono na kuuliza habari za mashine. Mmoja anauliza habari za simu inayojifunga yenyewe. Mwingine anauliza habari za mizani inayoandika bila kalamu. Wa tatu anataka kujua kama ni kweli kwamba kompyuta ya siku hizi inaandika barua vizuri kuliko karani aliyesoma.

Kwa hiyo tuliona inafaa tuzunguke sokoni, mpakani, kwenye maghala na kwenye mashamba ya chai, tuwasikilize wafanyakazi wenyewe, kisha tuandike maneno yao katika ukurasa huu. Hatukuwatafuta wataalamu, kwani wataalamu wana magazeti yao. Tuliwatafuta wanaobeba, wanaochuma, wanaoendesha na wanaouza.

Maoni hayakufanana. Wako waliosifu mpaka tukadhani wamelipwa na makampuni ya simu. Wako waliolaani mpaka tukawauliza kwa nini basi hawazitupi simu zao ziwani. Lakini tulipokaa kuyapanga maoni hayo, tuliona kwamba wanaosifu na wanaolaani wanazungumza jambo moja: ni nani anayeshika hesabu.

MJI HUU SI MGENI WA MASHINE

Wako wanaosema kwamba mfanyakazi wa huku anaogopa mashine kwa sababu hajazizoea. Hayo si kweli. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kimekuwa hapa Gisenyi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Katika miaka ya 1960 gesi ya methani ilianza kuvutwa kutoka kilindi cha Ziwa Kivu, pale Rubona, ikatumika kutia moto katika kiwanda hicho. Chai ya Pfunda nayo inakaushwa kwa mashine kwa miaka mingi sasa. Wazee wetu walijua boila, walijua mikanda na magurudumu, na wengine wao waliacha vidole humo.

Lakini mashine za wazee zilikuwa zikifanya kazi ya mkono: kusukuma, kubeba, kusaga, kukausha. Ikiharibika, fundi aliifungua mbele ya watu, na kila mtu aliona ni chuma gani kimevunjika. Mashine za leo zinafanya kazi ya karani. Zinahesabu, zinaandika, zinakumbuka. Ikikosea, hakuna chuma kilichovunjika, na mfanyakazi hana pa kuchungulia. Anaambiwa tu: "Mfumo ndivyo unavyosema."

Tumelisikia neno hilo mara nyingi mno. Ndugu, mfumo hausemi peke yake. Yuko mtu aliyeutengeneza, yuko aliyeulipia, na yuko anayeusoma asubuhi kabla ya sisi kufika kazini.

KINA MAMA WA MPAKANI

Tulianzia Petite Barrière, kati ya mji wetu na Goma. Mpaka huu ni miongoni mwa mipaka inayopitwa na watu wengi zaidi kwa miguu katika Afrika. Kabla ya ugonjwa wa Covid kufunga mipaka mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walipita hapo kila siku, na wengi wao ni kina mama wenye nyanya, mboga, unga na samaki kichwani.

Mama mmoja muuza nyanya alitueleza hivi: "Zamani nilifunga pesa kwenye kitenge. Mvua ikinyesha zinalowa, mwizi akija zinakwenda. Siku hizi ziko ndani ya simu. Mwizi akiichukua simu, namba ya siri ataipata wapi?"

Mwenzake akamjibu palepale: "Ataipata nyuma ya simu, mahali ulipoiandika!" Watu wakacheka, naye akaigeuza simu yake haraka akaificha.

Pesa za simu zilianza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, na hapa Rwanda zikaanza mwaka 2010. Leo hata anayeuza mahindi ya kuchoma ana namba ya kulipiwa. Wauzaji wengi wa mpakani wanabeba kadi mbili za simu, moja ya Rwanda na moja ya Kongo, kwani mteja wa Goma analipa kwa mtandao wa kwao.

Faida ya jambo hili ilionekana wazi mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari mwaka huo vita vilifika Goma, mji ukaingia mikononi mwa M23, na mabenki ya huko yakafunga milango. Watu wenye pesa benki wakawa kama watu wasio na kitu. Wengi walivuka kuja Gisenyi kutafuta pesa taslimu, na simu ndiyo iliyowawezesha ndugu wa mbali kuwatumia cha kununulia unga. Anayesema simu ni mchezo wa vijana, na aende akawaulize watu hao.

Lakini mama yule yule aliyesifu simu ndiye aliyekuwa na lalamiko kubwa kuliko wote. Alisema: "Kutuma kuna makato, kutoa kuna makato. Nikiuza jioni sijui kilichobaki ni changu kiasi gani mpaka nikae na karatasi." Akatuonyesha daftari dogo la shule, lenye mistari ya buluu. Kila siku anaandika alichouza, alichokatwa na kilichobaki. Ana simu nzuri, na bado ana daftari. Tunaomba msomaji alikumbuke daftari hilo, maana tutalirudia.

Hapo hapo mpakani tulizungumza na mmoja wa ndugu zetu walemavu wanaosafirisha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Maneno yake yalitufanya tunyamaze kidogo. Alisema: "Simu imenipa miguu. Zamani nilizunguka Goma nzima kutafuta mwenye mzigo, siku hizi nampigia ananingoja. Lakini na yeye anawapigia wenzangu watatu, anauliza nani atabeba kwa bei ya chini. Basi simu imenipa miguu, halafu ikanikata bei."

DUKANI NA BARABARANI

Karani wa duka moja la vifaa vya ujenzi alisifu mashine ya risiti, zile mashine za kodi zilizoanza kutumika nchini mwaka 2013. Sababu yake si kodi. Alisema: "Zamani tajiri akikosa faranga 5,000 alinitazama mimi. Siku hizi anatazama mashine kwanza." Kwa karani huyu mashine imekuwa shahidi wake. Tunataka hili liandikwe kwa wino mzito, kwa sababu wako wanachama wanaodhani kwamba kila chombo kipya ni adui. Aidha, nani atabisha faida ya ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo tangu mwaka 2016 zinaruka kutoka Muhanga zikipeleka damu hospitalini? Mama aliyejifungua akitokwa na damu hana haja ya mahubiri yetu juu ya ubaya wa mashine.

Kwa motari mmoja kijana mambo yalikuwa kinyume. Alichukua simu ya kugusa kwa mkopo, alipe kidogo kidogo kila siku. Pikipiki yake ikalala gereji siku nne. Hakulipa, na simu ikajifunga yenyewe, ikabaki kioo cheusi chenye maandishi ya kumdai. Wateja wake wote walikuwa ndani ya simu hiyo. Pikipiki ilipopona hakuwa na mteja wa kumpigia, na bila mteja hakuwa na pesa ya kufungulia simu. Alituuliza: "Mzee, mkulima akidaiwa, je, anafungiwa jembe ndani? Atalipa kwa kulima na nini?"

Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile, ila tulimuuliza kama aliyasoma masharti kabla ya kutia kidole. Akasema yalikuwa ndani ya simu yenyewe, kwa Kiingereza, marefu kama barabara ya Musanze.

Wamotari wanalijua jambo hili pia kwa njia nyingine. Tarehe 13 Januari 2022, wamotari wa Kigali waliziacha pikipiki barabarani na kugoma, wakilalamikia mita za kompyuta walizotakiwa kuzitumia, bei iliyopangwa ndani ya mita hizo, na gharama za bima. Wako waliosema kwamba wamotari hawapendi maendeleo. Sisi tulisoma tofauti. Motari anatumia simu, ramani na pesa za simu kuliko karani wa benki. Alichokikataa ni bei kuingizwa ndani ya chombo bila yeye kuulizwa, halafu chombo hicho kikafungwa kwenye usukani wake.

MGONGO WA MIZANI

Sasa twende kwenye chai, ambako mshahara unahesabiwa kwa kilo. Mizani ya zamani ilikuwa na sindano. Mchumaji aliweka kikapu, sindano ikacheza, ikasimama, na kila mtu aliyekuwa kwenye mstari aliiona. Leo mahali pengi mizani ni ya umeme, na namba inatokea kwenye kioo kidogo.

Tuliwauliza wachumaji ni ipi bora. Mzee mmoja alijibu bila kusita kwamba ni hii mpya, kwa sababu ile ya sindano karani aliweza kuizuia kwa kidole, na hii haizuiliki kwa kidole. Lakini mama aliyekuwa nyuma yake alisema: "Ni kweli haizuiliki. Ila kioo kinatazama upande wa karani. Sisi tunaona mgongo wa mizani."

Kwa muda mrefu wachumaji wa kundi hilo walikuwa wakinung'unika kwamba kilo zao zimepungua. Msimamizi akajibu kwamba mashine haidanganyi. Wachumaji wakajibu kwamba hawajasema inadanganya, wamesema hawaioni. Mjumbe wetu wa tawi akaenda kwa msimamizi na ombi moja dogo: mizani igeuzwe kidogo, ikae ubavu, ili kioo kisomwe na pande zote mbili, na zile kilo zinazopunguzwa kwa ajili ya maji ya mvua ziandikwe peke yake badala ya kufichwa ndani ya jumla.

Ndugu, kazi ya kuigeuza mizani ilichukua chini ya dakika moja. Haikuhitaji fundi wala fedha. Tangu siku hiyo ugomvi wa asubuhi umepungua sana, na karani mwenyewe amekiri kwamba sasa anafanya kazi yake bila kutukanwa. Mashine ni ile ile, na majani ya chai ni yale yale. Kilichobadilika ni nani anayesoma.

VIDOLE VILIVYOKWISHA

Jambo lililotuumiza kuliko yote tulilikuta kwenye ghala moja mjini. Hapo wameweka mashine ya kutambua vidole. Mfanyakazi akifika anaweka kidole, mashine inaandika saa. Akitoka anaweka tena. Mwisho wa mwezi mashine inatoa orodha, na orodha ndiyo mshahara.

Mpakiaji mmoja, mtu wa makamo ambaye amebeba mifuko ya saruji na chumvi kwa zaidi ya miaka 15, alifika siku ya malipo akaambiwa kwamba alikosa kazini siku 6. Hakukosa hata siku moja. Mashine ilikuwa imemkataa. Kila asubuhi aliweka kidole, ikalia, akaweka tena, ikalia, na bawabu akamwambia apite asicheleweshe mstari. Sababu yake ni rahisi. Saruji imekula ngozi ya vidole vyake mpaka ile mistari midogo imefutika. Yaani vidole vilikwisha kwa kazi ile ile ambayo mashine ilisema hakuifanya.

Kwa faranga 2,500 kwa siku, siku 6 ni faranga 15,000. Kwa mwenye nyumba ya ghorofa hizo ni soda za wageni. Kwa mtu huyu ni unga, na ni ada ya mtoto aliyekuwa amekwisha kurudishwa nyumbani mara moja.

Mwajiri alishikilia orodha. Alisema mashine haina upendeleo, haimjui mtu. Tukamwambia kwamba hilo ndilo lalamiko letu, haimjui mtu. Ndipo kapita wa kundi akatoa daftari lake. Yeye, bila kuagizwa na yeyote, alikuwa ameandika kila siku majina ya waliopakia, lori gani, na mifuko mingapi. Jina la ndugu yetu lilikuwamo siku zote 6, na namba za malori zilifanana na karatasi za ghala. Mwajiri alizisoma, akazisoma tena, akalipa. Leo palepale pana daftari la sahihi kando ya mashine, kwa ajili ya wale ambao vidole vyao havisomeki.

Ndugu msomaji, kama kapita yule asingeandika, tungesimama pale na maneno matupu mbele ya orodha iliyopigwa chapa. Haki ya mtu ilikuwa imelala ndani ya daftari la faranga 300.

KUCHOMA MOTO, KUPIGA MARUFUKU

Wako wanachama wenye hasira wanaouliza kwa nini tusizikatae mashine hizi zote mara moja. Swali hilo si la mzaha, na wengine wamelijaribu.

Mwezi wa Mei 2023, huko Kericho nchini Kenya, watu waliokasirika walichoma moto mashine za kuchuma chai katika mashamba makubwa. Tunaelewa uchungu wao. Mashine moja ya namna hiyo inachukua nafasi ya wachumaji wengi, na mchumaji aliyeachishwa hana shamba la kurudia. Lakini majivu hayana mshahara. Moto haukuwarudishia watu kazi zao, na mazungumzo juu ya nani anafaidika na kilo zinazoongezeka yalipaswa kufanyika kabla mashine hazijashuka kwenye lori.

Serikali nayo imewahi kujaribu kuzuia. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya kazi ya kutia hesabu za serikali kwenye kompyuta kwenda vibaya, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hatuwacheki viongozi wale. Walikuwa na fedha chache za kigeni, na walikuwa wameuziwa kitu ambacho hawakuweza kukikagua. Lakini miaka ilipita, marufuku ikalegezwa, na kompyuta zikaingia, nao makarani wengi walikuta wanatakiwa kujifunza upya mambo ambayo wenzao wa nje walikwisha yazoea. Anayefunga mlango anapumzika siku moja, halafu kitu kile kinaingilia dirishani.

AKILI YA MASHINE NA MIKONO YA WATU

Vijana wetu wanazungumza sana habari za akili ya mashine, ile kompyuta inayojibu maswali na kuandika barua. Wengi wa vijana hawa waliguswa na kompyuta mapema, kwani kuanzia mwaka 2008 serikali ilianza kugawa kompyuta ndogo katika shule za msingi, na zaidi ya 200,000 ziligawiwa. Mmoja alituambia kwa fahari kwamba kompyuta imemwandikia barua ya kuomba kazi. Tukamuuliza kama kazi ameipata. Akasema bado, kwa sababu wenzake 40 walileta barua zinazofanana na yake.

Jambo ambalo vijana hawaambiwi ni kwamba akili hiyo ina mikono ya watu ndani yake. Huko Nairobi vijana wa Kiafrika, wengi wao wenye elimu nzuri, walikuwa wakikaa mchana kutwa mbele ya kioo wakitazama picha za mauaji na maneno machafu, ili kuifundisha kompyuta iyatambue, na ili sisi tusiyaone kwenye simu zetu. Waliajiriwa na makampuni ya katikati, si na makampuni makubwa yenyewe, na wengi walitoka na ugonjwa wa roho. Tarehe 1 Mei 2023, siku ya wafanyakazi, zaidi ya 150 kati yao, waliofanya kazi kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT, walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Tulipoisoma habari hiyo hapa tulifurahi, maana walifanya kile kile walichofanya babu zetu wa reli na wa bandari.

Tusiende mbali hata hivyo. Ndani ya simu kuna madini ya tantalamu, yanayotoka katika koltani. Upande wa pili wa mpaka wetu, huko Rubaya katika Masisi, watu wanayachimba kwa sururu na sepetu. Bei ya koltani inafuata kiasi cha tantalamu kilichomo, na kiasi hicho kinapimwa kwa mashine ya mnunuzi. Mchimbaji analeta mfuko, mnunuzi anataja namba. Huyu naye anaona mgongo wa mizani. Kwa hiyo simu inaanza na mtu asiyesoma kipimo cha jasho lake, na mara nyingi inaishia mkononi mwa mwingine wa namna hiyo hiyo.

FUNGUO TATU

Ni nini basi msimamo wetu? Jibu hatukulitoa katika kitabu. Tulilikuta katika ibimina vyetu, vile vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo karibu kila mama wa mpakani anavyo.

Vikundi vingi vya namna hiyo vinatumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi mpaka wote wawepo. Likifunguliwa, pesa zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wanachama, na kila mtu anakumbuka namba mpaka mkutano unaofuata. Hakuna anayetukanwa kuwa ni mwizi, na hakuna anayepata nafasi ya kuwa mwizi.

Mashine ya kazini tunataka iwe kama sanduku hilo. Leo ina ufunguo mmoja, na ufunguo huo uko mfukoni mwa mwajiri. Sisi hatusemi avunje sanduku. Tunasema kufuli ziwe tatu: mmoja wa mwajiri, mmoja wa mfanyakazi, na mmoja wa sheria.

Ufunguo wa sheria upo tayari, ingawa wengi hawajui kwamba upo. Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda taarifa za mtu binafsi. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kuonyeshwa taarifa zake zinazotunzwa, haki ya kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa, na, isipokuwa katika hali zilizotajwa na sheria yenyewe, haki ya kutofungwa na uamuzi uliotolewa na mashine peke yake. Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao (NCSA) ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia. Mpakiaji wetu wa vidole vilivyokwisha alikuwa na haki hiyo mfukoni bila kujua.

Ufunguo wa mfanyakazi ndio tunaopaswa kuutengeneza wenyewe. Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa matawi wafanye mambo yafuatayo:

1. Mashine mpya ikitajwa, uliza kabla haijafungwa: inaandika nini, inatunza wapi, nani anasoma, na ikikosea tunakwenda kwa nani? Mwajiri asiyeweza kujibu maswali haya manne hajawa tayari kuiweka.

2. Kila kundi liwe na daftari lake. Kapita au mtu mwingine anayeaminika aandike majina, siku na kazi iliyofanyika. Daftari na mashine vikikubaliana, ni vyema. Vikikosana, mazungumzo yafanyike palepale, wiki ile ile, si mwisho wa mwaka.

3. Kioo cha mizani kitazame pande zote. Hili halina gharama, na anayelikataa atueleze sababu yake.

4. Asikubali mtu mkopo wa simu au wa pesa za simu kabla ya kusomewa masharti kwa lugha anayoielewa. Kama hujui kusoma, njoo ofisini na mtu atakusomea bila malipo.

5. Kila mwenye kazi ya kudumu aulize katika RSSB kama michango yake inafika. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni ni asilimia 12 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu yako. Kompyuta ya kazini ikionyesha umekatwa, hiyo haijawa dalili kwamba pesa zimefika. Uliza, na uandike tarehe uliyouliza.

Tunajua kwamba mambo haya yataonekana madogo kwa watu wanaozungumza habari za kompyuta kwa maneno makubwa. Hatuna ugomvi na maneno makubwa. Lakini tumekaa katika kazi hii ya chama miaka ya kutosha kujua kwamba mfanyakazi haibiwi kwa maneno makubwa. Anaibiwa kilo mbili leo, saa moja kesho, siku 6 mwisho wa mwezi.

Mkutano ujao wa matawi utakuwa wiki ya kwanza ya mwezi, baada ya umuganda. Kila tawi lije na orodha ya mashine zilizopo kazini kwao, na mbele ya kila mashine waandike jina la anayeisoma. Mahali ambapo jina ni moja tu, hapo ndipo tutakapoanza kazi.

Umoja ni nguvu. Daftari lisisahaulike.